Leo Lagoon na watoto
Leo nimewapeleka wanangu Lagoon, hapa Farmington, jimbo la Utah, Marekani.

Bustani hii ya michezo na burudani ilianza 1886 kando ya Ziwa Kuu la Chumvi. Maji yakarudi nyuma, 1896 ikahamishiwa hapa. Bwawa la kuogelea likafunguliwa 1927, lakini watu weusi walikatazwa kuingia. Robert Freed aliposhika uongozi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alipambana mpaka marufuku ile ikaondolewa.

Tangu 1989 hapo bwawani pamejengwa mitelezo ya maji.

Binti yangu kashuka kwa kasi, kaibuka anakohoa, rasta zimemganda usoni:
"Mama, tena!"

Machozi yamenitoka, jamani. Maji yale yale tuliyonyimwa!

Ndugu zangu wa Utah, mlikuwa mnaijua historia hii? Semeni hapa chini.