Paa la Magome ya Myombo

Desemba 1997, mwaka ule wa mvua za El Niño, nilikuwa nimetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne, nikamsindikiza mjomba wangu kukagua mizinga yake ya nyuki katika miombo ya Kipembawe, wilayani Chunya. Turubai lilibaki nyumbani (niliyelisahau ni mimi), na alasiri wingu likatanda tukiwa mbali na kijiji chochote.

Mjomba hakunigombeza. Alitafuta myombo uliopinda kileleni, ambao mpasua mbao asingeutamani, akakata duara usawa wa magoti na jingine juu kadiri mkono wake ulivyofika, akachana mstari wa wima kati ya hayo mawili, kisha akachomeka kabari ya mti na kuisukuma taratibu. Masika gome huachia kwa urahisi kwa kuwa chini yake pamejaa maji, kiangazi lingekatikakatika. Lilitoka zima, linateleza kama kambare.

"Huu tumeuua, mjomba," aliniambia, maana mjomba na mpwa kwetu huitana hivyo hivyo. Mti uliochubuliwa mzunguko mzima haupeleki tena chakula mizizini. Tulichubua mitatu, akakataa wa nne.

Fito tulizifunga kwa nyuzi za ndani ya gome lenyewe, zilizotuachia viganja vyekundu. Nikaanza kupanga magome kuanzia juu, naye akayashusha yote. "Nyumbani nyasi mnaanza kuezeka wapi?" Tukaanza chini: safu ya kwanza ikalazwa kama mifereji, upande wa ndani ukitazama juu, na kila kiungo kikafunikwa na gome jingine lililogeuzwa mgongo juu. Mvua iliponyesha usiku, maji yalifuata mifereji ile na kumwagika nyuma yetu. Palipovuja ni pembeni tu, kwenye gome nililolitoboa kwa panga kwa pupa yangu.

Asubuhi, kabla halijakakamaa, mjomba alilishusha gome zuri kuliko yote, akaliacha lijikunje kama lilivyokuwa mtini, akabana kingo zake kwa vijiti vilivyochongwa, akaziba ncha mbili kwa nyasi zilizosukwa na kuutundika mzinga ule juu ya mti wa jirani.

Oktoba iliyofuata, miombo ilipotoa majani yake mekundu kabla ya mvua, ile mitatu haikuchipua. Mzingani nyuki walikuwa wameshaingia.