Maktaba Bila Umeme

Mwisho wa mwaka 2009 waya unaoleta umeme Unguja kutoka bara, ule unaopita chini ya bahari na kutokea Fumba, ulipata hitilafu, tukakaa gizani kuanzia Disemba mpaka Machi. Maji nayo yakawa ya shida, maana pampu haziendi bila umeme. Mjini kila duka lenye jenereta likawa pahala pa kuchajia simu. Mama akinipigia kutoka Wete akinicheka: Pemba ilikuwa na majenereta yake ya Wesha, wao taa zinawaka. Sijapata kuona tena mtu wa Pemba akimwonea huruma mtu wa mjini.

Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, naandika utafiti juu ya karafuu baada ya kimbunga cha Aprili 1872. Kimbunga kile kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyolibeba zao hilo. Nilitaka kujua nani aliipanda mikarafuu hiyo, kwa jasho la nani na kwa fedha ya nani. Wenzangu walikuwa wameweka kalamu chini wakingoja kompyuta zifufuke. Asubuhi moja nikaingia maktaba, nikamkuta mkutubi wetu, mzee tuliyekuwa tukimwita Maalim, amesogeza kiti dirishani anasoma gazeti.

“Shikamoo Maalim.”

“Marahaba mwanangu. Kompyuta zimelala hizo.”

“Mimi natafuta vitabu.”

Akakunja gazeti. “Hewalla. Njoo huku.”

Pembeni palikuwa na kabati la mbao lenye droo nyembamba, ambalo sote tulilitumia kuwekea mikoba. Ndani mlikuwa na kadi za vitabu, zilizopangwa kwa majina ya waandishi, kwa majina ya vitabu na kwa mada. Nilivuta droo ya mada, nikatafuta karafuu. Kadi zilikuwa chache mno. Maalim akaweka kidole chini ya mojawapo, palipoandikwa “angalia pia”: utumwa, mashamba, biashara ya nje. Akaniambia nisiziruke kadi za namna hiyo, maana aliyeziandika alikwisha kunitafutia nusu ya kazi.

Kisha tukazunguka. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini nilikuwa sipati kitu. Karafuu ile ile imegawiwa rafu mbalimbali, kwa namba ambazo maktaba hupangia vitabu kufuata mada: historia ya Zanzibar iko 967.81, karafuu kama mmea iko 633.8, karafuu kama uchumi wa kilimo iko 338.1, na watumwa walioichuma wako 306.362. Mwanafunzi anayesimama kwenye historia peke yake, na wengi wetu ndiko tulikokuwa tukisimama, anaondoka na hadithi za masultani.

Kitabu kimoja nilichokitaka hasa hakikuwapo, ilhali daftari la kuazima halikuonesha kuwa kimetoka. Maalim hakushangaa. Alikwenda moja kwa moja 297, kwenye vitabu vya dini, akapitisha mkono nyuma ya juzuu nene za tafsiri, akakitoa. “Kuna mtu anakificha hapa kila jioni ili kesho akikute peke yake,” akasema. “Namjua. Namwacha, walau anasoma.” Mimi nisingemwacha! Kitabu kilichowekwa si pake ni sawa na kilichoibiwa, na ndiyo sababu Maalim alikuwa mkali kwa mtu anayerudisha mwenyewe kitabu rafuni. Acha juu ya meza, atarudisha anayejua.

Nikafungua sura ya kwanza. Akanizuia. Alitaka nianzie nyuma: kwanza faharasa, nione Pemba imetajwa kurasa zipi, kisha kurasa hizo tu, kisha tanbihi zake. Mwanga wa dirisha ulikuwa mzuri mpaka baada ya adhuhuri, nikakaa nao. Kila nilichonakili niliandika hapo hapo namba ya rafu na ukurasa, kwa sababu Maalim alikuwa akipita nyuma yangu na kuuliza, “Ukurasa?”

Tanbihi zikaanza kurudia jambo moja. Vitabu vitatu tofauti, vya waandishi wasiokubaliana, vyote viliegemea barua za balozi wa Kiingereza wa zama za Sayyid Barghash. Nilimwonesha.

“Sasa hapa kwangu umemaliza,” akasema. “Hawa wote wamesoma karatasi zile zile. Na wewe kazisome.”

“Ziko wapi, Maalim?”

“Nyingi ziko Uingereza. Lakini anzia Nyaraka, hifadhi ya karatasi za zamani, pale Kilimani. Kamwambie msimamizi wako akuandikie barua.”

Barua ikaandikwa kwa mkono, printa zikiwa zimekufa, ikagongwa muhuri. Asubuhi yake nikapanda daladala, nikashuka Kilimani.