Pete changa, na vimelea visivyoonekana

Hapa Lubumbashi, mvua zikishaanza, meza ya maabara ya kituo chetu cha afya katika komini ya Katuba hujaa vioo vya tone nene tangu asubuhi. Nikiweka chini ya mikroskopi damu ya mtoto mwenye homa kali, iliyokwisha kutiwa rangi ya Giemsa, karibu kila mara ninachokiona ni pete changa: duara jembamba la buluu lenye nukta nyekundu ya kiini. Vimelea vilivyokomaa, vyenye doa jeusi la mabaki ya damu viliyoila, ni nadra, ingawa Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, huchukua takriban saa 48 kukua na kuzaana ndani ya chembe nyekundu, na tungetarajia kukuta vya kila umri. Vilivyokomaa vipo, ila haviko katika damu ya kidole. Vimejishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ya viungo vya ndani, ukiwamo ubongo, na humo ndimo malaria inamogeuka kuwa hatari.

Kinachovishikiza ni protini iitwayo PfEMP1, ambayo kimelea huitengeneza na kuisukuma hadi nje ya chembe nyekundu, juu ya vinundu vidogo vinavyoonekana kwa mikroskopi ya elektroni pekee. Kimelea kina sababu nzito ya kufanya hivyo: chembe iliyoambukizwa huwa ngumu, na ikipita kwenye wengu hutambuliwa na kuondolewa. Lakini protini iliyo nje huonekana pia na kinga ya mwili, ambayo baada ya siku kadhaa huanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Hapo ndipo jeni ziitwazo var, zilizoelezwa mwaka 1995 na ambazo kila moja hutoa aina yake ya PfEMP1, zinapoingia kazini. Kila kimelea kina takriban 60, na hutumia moja tu kwa wakati huku nyingine zote zikiwa zimefungwa, kama mcheza karata anayetupa moja na kukumbatia zilizobaki. Kingamwili zikiangamiza vimelea vyenye protini ya kwanza, vichache vilivyokwisha kuhamia jeni nyingine hubaki, na homa hurudi.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza: «Papa, mtoto huyu ameugua malaria mara ngapi, damu yake haijazoea tu?» Inazoea, lakini polepole sana, kwa kuwa jeni za var hutofautiana pia kati ya kimelea cha mtu huyu na cha jirani yake. Mtoto anayekua kwenye malaria nyingi hukusanya kingamwili moja baada ya nyingine, kwanza zinazomkinga na malaria kali, na baada ya miaka mingi zinazopunguza homa za kawaida.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, watu huusifu mno ujanja huu na kusahau gharama yake. Protini inayopaswa kushika kitu fulani haiwezi kubadilika ovyo, maana ikipoteza umbo la sehemu inayoshika, chembe itaachia na kupelekwa kwenye wengu. Tofauti yake na kimelea cha malale ni kubwa. Trypanosoma brucei, anayeenezwa na mbung'o, huogelea huru ndani ya damu na hahitaji kujishikiza popote; mwili wake umefunikwa na molekuli takriban milioni 10 za protini moja, VSG, na akiba yake ya jeni hizo inapita 2,000. Nyingi ya jeni hizo zimekatika, lakini yeye huunganisha vipande na kupata vazi jipya kabisa. Ndiyo maana sioni matumaini ya chanjo ya malale inayolenga vazi hilo. Nchi yetu, yenye wagonjwa wengi kuliko nyingine yoyote, imepunguza ugonjwa huo kwa kuwatafuta wagonjwa na kuwatibu.

Kwa falciparum, gharama hiyo huonekana wazi kwa wajawazito. Kondo la nyuma lina sukari iitwayo kondroitini salfeti A, ambayo hushikwa na aina moja tu ya PfEMP1, VAR2CSA. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria huwa na kingamwili nyingi, lakini dhidi ya hiyo hana, kwa sababu mwili wake haujapata kukutana nayo; hivyo mimba ya kwanza huwa na hatari kubwa zaidi ya upungufu wa damu kwa mama na uzito mdogo kwa mtoto, na mimba zinazofuata hupata nafuu kadiri kingamwili zinavyojengeka. Chanjo mbili zilizotengenezwa kutokana na VAR2CSA, PAMVAC na PRIMVAC, zimekwisha kujaribiwa kwa watu katika hatua za mwanzo, nchini Ujerumani na Benin kwa ya kwanza, Ufaransa na Burkina Faso kwa ya pili. Waliochanjwa walipata kingamwili, ila zilikuwa na nguvu hasa dhidi ya VAR2CSA ileile iliyotumika kutengeneza chanjo, na dhidi ya zile za vimelea vingine zikawa dhaifu.