Mdomo wa Juanita Hall, sauti ya mwingine

Sauti ya Juanita Hall niliifahamu kabla ya sura. Ilikuwa ile rekodi ya mwaka 1949 ya waigizaji wa kwanza wa South Pacific, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, na wimbo wa Bali Ha'i ulipoanza niliacha kila nilichokuwa nikifanya. Jina la kisiwa linaimbwa kwa kurukia juu oktava nzima, yaani noti nane, halafu sauti inateremka nusu toni tu, hatua ndogo kabisa, kana kwamba imefika ikasita. Waimbaji wengi wanaufanya mruko huo uwe mtamu. Juanita Hall hautii sukari. Anaita, kwa sauti nzito ya mtu mzima anayejua kwamba utakuja.

Kwa hiyo nilipoitazama filamu ya mchezo huo ya mwaka 1958 nilijua mara moja kuna jambo. Mhusika Bloody Mary, mwenye wimbo huo, ni yeye mwenyewe, macho ni yale yale, mabega yanacheza, rangi ya picha inabadilika pale kisiwa kinapotajwa. Mdomo unafunguka, na inatoka sauti nyororo isiyo yake. Nilirudisha nyuma mara tatu.

Anayeimba ni Muriel Smith, aliyeigiza Bloody Mary kwenye jukwaa la London. Mtunzi wa muziki, Richard Rodgers, ndiye aliyetaka iwe hivyo. Wimbo ni wake, ruhusa anayo. Lakini Juanita Hall ndiye mama aliyeuimba Broadway, kwenye majumba makubwa ya maigizo ya New York, tangu usiku wa kwanza, na mwaka 1950 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, kwa nafasi hiyo hiyo! Hata leo jambo hili linaniuma.

Tuzo hiyo haikumwangukia kama embe. Alizaliwa Keyport, New Jersey, mwaka 1901, akasoma muziki katika chuo cha Juilliard, akaimba miaka mingi kwenye kwaya ya Hall Johnson. Alikuwa na umri wa miaka 48 alipopokea Tony. Na hebu angalia nafasi zilizompa jina: Bloody Mary ni mwanamke wa Tonkin, kaskazini mwa Vietnam, na Madam Liang wa mchezo mwingine, Flower Drum Song, ni Mchina. Jukwaa liliipenda sauti ya mwanamke mweusi mradi awe wa taifa lingine.

Simlaumu Muriel Smith hata kidogo, maana naye yalimkuta. Mwaka 1943 alikuwa Carmen wa kwanza wa mchezo wa Carmen Jones pale Broadway. Filamu ilipotengenezwa mwaka 1954, uso ukawa wa Dorothy Dandridge na sauti ya Marilyn Horne. Smith mwenyewe alikuwa ameshamtolea sauti ya kuimba mwigizaji Zsa Zsa Gabor katika filamu ya Moulin Rouge. Yaani mwimbaji hodari namna ile, filamu zikachukua koo lake na kuuacha uso.

Ukitaka kumsikia Juanita Hall mwenyewe kwenye filamu, tafuta Flower Drum Song ya mwaka 1961, uende moja kwa moja kwenye wimbo wa Chop Suey. Anakaribia miaka 60, anaingia dansini na vijana, na safari hii kinachotoka mdomoni ni chake. Ule uzito wa chini upo pale pale. Hapo huwa naongeza sauti mpaka mwisho.