Nilivyochagua RAM ya kompyuta niliyojiundia mwenyewe

Karibu kila aliyenishauri nilipokuwa nikijiundia kompyuta ya mezani alikuwa na kauli ileile: nunua RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, yenye namba kubwa ya kasi kuliko zote utakazoziona, kisha ujaze sloti zote nne za ubao mama, ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote. Ushauri huo ulinikera, kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwanza prosesa yangu ni ipi wala kompyuta hiyo nitaifanyia kazi gani.

Prosesa yangu ilikuwa AMD Ryzen ya kizazi cha 7000, ambayo hukaa kwenye soketi ya AM5 na kukubali RAM ya aina ya DDR5 pekee, kwa hiyo suala la DDR4, aina iliyoitangulia, lilikwisha hapo hapo. Mwenye Intel ya kizazi cha 12 hadi cha 14 anaweza kutumia mojawapo, lakini anayeamua ni ubao mama. Aina zote mbili zina pini 288, ila pengo la katikati haliko mahali pamoja, na RAM ikikataa kuingia usiishindilie.

Kilichonifurahisha zaidi ni hesabu. Pakiti ya RAM huandikwa kasi, tuseme 6000, na kando yake CL, yaani idadi ya mizunguko ambayo RAM huchukua kabla ya kuanza kutoa data iliyoombwa. Wauzaji huipigia debe ile ya kwanza na kuinyamazia ya pili. Nilichukua karatasi, nikazidisha CL kwa 2000, nikagawanya kwa kasi, na jibu likawa muda wa kungoja kwa nanosekunde. RAM ya 6400 yenye CL40, ambayo nilihimizwa sana niinunue, ilitoa 12.5, ilhali ya 6000 yenye CL30, ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili, ilitoa 10. Nilipomwonyesha rafiki yangu, kinara wa washauri hao, kwamba hata DDR4 ya 3200 yenye CL16 hutoa 10 hiyo hiyo, aliigeuza karatasi kana kwamba nimeficha kitu upande wa pili. Kasi kubwa hupitisha data nyingi zaidi kwa sekunde, hilo silikatai, lakini AMD yenyewe iliitaja 6000 kuwa kiwango kinachozifaa zaidi prosesa hizi, na bei za pakiti zile mbili hazikupishana kwa kiasi cha kuumiza kichwa.

Nilinunua RAM mbili za GB 16 zilizouzwa pamoja. Mbili huipa prosesa njia mbili za kupitisha data, jambo ambalo moja ya GB 32 haiwezi. Nilizichomeka kwenye sloti ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa, kama kijitabu cha ubao mama kilivyoelekeza. Nilichagua fupi, zisizo na mapambo ya taa, kwa kuwa kipoza changu ni kipana na feni yake huning'inia juu ya sloti.

Rafiki yangu hakukubali kushindwa. Alikuja na RAM zake mbili, zinazofanana na zangu kwa kila hali, akasisitiza tuzijaze sloti zote ili nione kompyuta inavyopaswa kuwa. Tuliwasha, kioo kikabaki cheusi muda mrefu, maana DDR5 hujipima kwanza kila mpangilio wake unapobadilika, na anayechomoa umeme wakati huo huianzisha kazi upya. Hatimaye iliwaka, ikionyesha 3600. Tulipoingia kwenye BIOS, yaani programu ya mipangilio ya ubao mama, na kuwasha EXPO, mpangilio unaoifanya RAM iende kwa kasi iliyoandikwa kwenye pakiti, ili tuidai 6000, iligoma kabisa. Aliulaumu ubao mama, kisha umeme, nami nikamfungulia maelezo ya prosesa: kasi inayodhaminiwa ni 5200 kwa RAM mbili, na kwa nne ni 3600. Nilimkabidhi RAM zake kwa heshima zote.

Zilipobaki mbili zangu niliwasha EXPO, kwani bila hiyo zilikuwa zikienda kwa 4800, nami sikulipia 6000 nipate 4800. Kwa kuwa 6000 inavuka kiwango kinachodhaminiwa, niliiacha MemTest86, programu ya kupima RAM, ikizikagua usiku kucha. Asubuhi hapakuwa na hitilafu hata moja, nikafunga kava na kuanza kusakinisha programu zangu.