Likanushe kwanza: nilivyozishika aina za maneno katika lugha nne

Kabla sijamaliza kidato cha pili nilikuwa nimefundishwa sarufi mara mbili, kwa njia mbili zisizofanana. Shuleni, pale Tanga, tuliandikiwa ubaoni kwamba nomino ni neno linalotaja jina la mtu, mahali au kitu, kitenzi ni neno linaloeleza tendo, na kivumishi ni neno linalotoa sifa za nomino. Vitabu vingine vilihesabu aina saba za maneno, vingine nane, na mjanja wa mtihani alihakikisha kwanza anajua mwalimu wake anafuata kipi. Jioni, madrasa, tulihifadhi Ajurumiya, matini fupi ya nahau ya Kiarabu iliyoandikwa na Ibn Ajurrum wa Fez, Moroko, aliyefariki mwaka 1323. Humo aina za maneno ni tatu tu: ismu, fiili na harfu, takribani nomino, kitenzi na maneno madogo kama "katika".

Leo Kiarabu ninakisoma kwa sehemu kubwa bila kamusi, Kituruki nimekisomea chuo kikuu, na Kijerumani nimefika ngazi ya A2, ya pili kutoka chini, huku nikihema. Wadogo zangu wanaojiandaa kwenda masomoni nje huniuliza nilianzia wapi. Jibu langu huwashangaza, kwa sababu huwa nawarudisha Ajurumiya, hata yule asiyejua alifu wala bee. Simrudishi kwenye Kiarabu. Namrudisha kwenye namna ile ya kulihoji neno.

Ibn Ajurrum haanzi kwa kusema ismu inataja nini. Anasema ismu hujulikana kwa kupokea jarri (umbo ambalo neno huchukua baada ya maneno kama "katika"), kwa tanwini (ile "n" inayosikika mwishoni), kwa kuingiliwa na "al" na kwa kutanguliwa na herufi za jarri, yaani maneno hayo yenyewe. Fiili hujulikana kwa kutanguliwa na "qad", na "sa" au "sawfa" za wakati ujao, na kwa ile "ta" ya kike yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, mwishoni. Halafu harfu, na hapa ndipo ninapompenda: harfu ni lile lisilokubali alama ya ismu wala alama ya fiili. Basi. Hakuna mjadala wa tendo wala sifa. Unalileta neno, unalijaribia alama. Likikubali unajua kwao ni wapi.

Linganisha na ile ya ubaoni. "Mwendo" unaeleza tendo, mbona ni nomino? "Uzuri" unataja sifa, mbona si kivumishi? Mwanafunzi mwenye akili akiuliza hivyo huambiwa atulie. Lakini ukitumia alama, swali linakwisha lenyewe: mwendo unakubali "huu" na "wangu" na unavuta upatanisho ("mwendo huu umenichosha"), na haukubali "ana-" wala "ali-". Ni nomino hata ungekuwa unakimbia.

Nilipopata ufadhili wa kusoma Uturuki, mwaka wa kwanza wote ulikuwa wa lugha, kama ilivyo kwa wanafunzi wengi wa kigeni kule. Nilikaa Konya. Darasani tulikuwa mchanganyiko wa Wasomali, Waafghani, Waindonesia na Mrundi mmoja ambaye tulishikamana kwa sababu ya Kiswahili. Mwalimu, ambaye kila mtu alimwita "hocam", mwalimu wangu, alituandikia "güzel ev", nyumba nzuri, akasema "güzel" ni kivumishi. Baadaye ikaja "güzel konuşuyor", anaongea vizuri, na sasa "güzel" ni kielezi. Kisha "güzeller", warembo, likiwa nomino kamili na alama ya wingi mgongoni. Shina halijabadilika hata chembe. Wenzangu waliosoma kwa orodha ya aina nane walianza kuandika neno hilohilo mara tatu katika kurasa tatu.

Mimi nilifungua ukurasa mmoja nikauandika juu "Alama". Nilianza na alama ninayoijua kutoka nyumbani: kwa Kiswahili neno likibeba nafsi na wakati, kama "ni-na-soma", "tu-li-soma", ni kitenzi. Kituruki kinaivunja alama hiyo asubuhi ya kwanza. "Öğrenci" ni mwanafunzi, na "öğrenciyim" ni "mimi ni mwanafunzi": nomino imebandikwa nafsi mkiani. "Güzeldi" ni "alikuwa mzuri", na ile "-di" ndiyo hiyohiyo ya wakati uliopita inayokaa kwenye vitenzi. Kwa hiyo nafsi na wakati, vitu ambavyo kwetu ni mali ya kitenzi, kule huazimwa na kila mtu.

Kilichokataa kuazimwa ni ukanushi. "Geldi", alikuja, hukanushwa kwa kupachika "-me-" ndani ya neno: "gelmedi". "Güzeldi" hukanushwa kwa neno la pembeni: "güzel değildi". Huwezi kubadilishana. Hapo nikapata kipimo kisichoyumba, na nikajiuliza kama kwetu hakipo. Kipo, tena wazi kabisa. "Anasoma" inakuwa "hasomi", "alisoma" inakuwa "hakusoma", ukanushi umeingia ndani ya kitenzi. "Ni mwalimu" inakuwa "si mwalimu", "ni mrefu" inakuwa "si mrefu", ukanushi umesimama nje. Kitu hiki tumekisema tangu tunaanza kutamka, na sikumbuki ubao hata mmoja uliokitumia kumwonyesha mtoto kitenzi ni kipi.

Tangu hapo, lugha yoyote nikiikuta, swali langu la kwanza ni: hapa watu wanakanushaje, na je, kuna namna ngapi? Nilikuwa nachukua maandishi yoyote mafupi, habari ya gazeti, tangazo la basi, hata maelezo ya kupika yaliyoko nyuma ya pakiti ya dengu, nakanusha kila sentensi kisha nampa mwenzangu wa chumbani asahihishe. Alikuwa Mturuki, mdogo kwangu kiumri. "Abi (kaka), mbona pakiti yako inakataza watu kupika?" alikuwa akicheka. Lakini alisahihisha, na kila sahihisho lake lilikuwa linaniambia neno fulani ni la kundi gani, bila yeye kujua jina la kundi. Wenye lugha wengi hawawezi kukuambia kielezi ni nini. Kukanusha kila mtu anajua.

Kwa njia hiyo nilikutana pia na kundi la tatu la Kituruki ambalo kitabu kililipitia haraka. "Su var", maji yapo, haikanushwi kwa "-me-" na kwa kawaida haikanushwi kwa "değil"; ina neno lake, "su yok". Mrundi wangu alilidaka hili haraka kuliko Waafghani, na mimi pia, maana "kuna" na "hakuna" tumekua nazo.

Nikarudi nacho kwenye Kiarabu. "Lam" na "lan", maneno mawili ya kukanusha, hazigusi ismu kamwe. Ukiziona, kinachofuata ni fiili, na zaidi ya hapo zinakubadilishia mwisho wa fiili yenyewe. Kwa sentensi isiyo na fiili kuna "laysa": "laysa al-baytu kabiran", nyumba si kubwa. ("La" na "ma" siwezi kuzitegemea, zinaingia kotekote, na yeyote aliyetamka shahada ameisikia "la" ikitangulia ismu.) Hiyo "laysa" ilinifurahisha kwa jambo jingine. Kimaana ni "si", haina tendo lolote ndani yake. Ila inakubali ile "ta" ya kike yenye sukuni, "laysat", na kwa alama hiyo wanazuoni wengi wa nahau wakaihesabu fiili. Walikuwa waaminifu kwa kipimo chao hata kilipowapa jibu la ajabu.

Sehemu iliyonichukua muda zaidi ni maneno yenye sura mbili. Chukua "kusoma". Kwa nje ni nomino: "kusoma kwangu kumenisaidia". Likanushe: "kutosoma". Ukanushi umeingia ndani, na shamirisho pia inaingia ndani, "kutokisoma". Kwa hiyo moyo wake ni kitenzi, nguo ni ya nomino. Kituruki kinafanya vilevile, "okumak" na "okumamak", ile "-ma-" katikati. Ila masdari ya Kiarabu, yaani nomino ya tendo, imekwenda mbali zaidi. "Qiraa", usomaji au kusoma, haipokei "lam" wala "lan"; ukitaka kuikanusha unatafuta ismu nyingine ya kuiegemeza, "adamu al-qiraa", yaani kutokuwepo kwa kusoma. Ndiyo maana Mswahili anayetafsiri kutoka Kiarabu huishia na sentensi zilizojaa "kutokuwepo kwa" na "kukosekana kwa". Nikizisoma kwenye tafsiri naona masdari imechungulia.

La pili ni "juu". Vitabu vyetu huiita "juu ya" kihusishi, kwa sababu Kiingereza hapo kina kihusishi. Ijaribu kwa alama. Inakubali "yake", "yangu", "yao". Ina "ya" ya kumilikisha, kama "nyumba ya". Unaweza kusema "huko juu" na "kutoka juu". Sioni tofauti kubwa kati yake na nomino ya mahali. Kituruki kinasema "masanın üstünde", neno kwa neno "ya meza, juu yake, -ni", na "üstümde" ni "juu yangu". Kiarabu nacho kina "fawqa", ambayo inatanguliwa na "min" (kutoka) ikapokea kasra, irabu "i", "min fawqi", kwa hiyo ni ismu, na wanazuoni wameiweka humo bila haya. Lugha tatu zisizo ndugu zinakubaliana kwamba "juu" ni aina ya jina, na sisi tumeipeleka kwingine kwa kufuata ya nne. Nikimfundisha mtu Kituruki namwambia asahau vihusishi kabisa, afikirie "juu ya meza" halafu aipindue. Huwa inaingia mara moja.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba hata ile orodha ya nane ina safari yake. Matini ya sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax, aliyesoma Alexandria karne ya 2 kabla ya Kristo, ina aina nane, na kivumishi hakimo. Kilikuwa ndani ya nomino. Kilatini hakikuwa na artikeli (neno kama "the" ya Kiingereza), kikaitoa, na kihisishi kikaingia ili hesabu ibaki nane. Kwa hiyo yule mwalimu wa saba na yule wa nane wanaweza kupeana mkono. Kwa Kiswahili ningekuwa mkali zaidi kwa kielezi kuliko kwa kivumishi, maana kielezi ni kapu la mabaki: "sana", "jana", "polepole", "kwa miguu" na "nyumbani" hazifanani kwa alama yoyote, zimewekwa pamoja kwa kuwa hazikupata pa kwenda.

Sasa Kijerumani. Kwa nomino kimeniandalia alama ambayo hakuna lugha nyingine niliyosoma inayo: herufi kubwa. "Lesen" ikiandikwa kwa herufi ndogo ni kusoma kwa kitenzi, ikipata "das" na herufi kubwa, "das Lesen", imekuwa nomino, na macho yanaona kabla akili haijafanya kazi. Nikaleta kipimo changu. "Ich lese nicht", sisomi. "Das ist kein Buch", hiki si kitabu. "Das Buch ist nicht alt", kitabu si kikuukuu. Nomino isiyo na artikeli bainifu inachukua "kein", kitenzi "nicht", na kivumishi, ambacho kwa Kiswahili na Kituruki kinatembea na nomino, hapa kimehamia upande wa kitenzi. Nilikaa na daftari nikitabasamu peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba kitenzi chenyewe hukatwa vipande viwili, "ankommen" ikawa "der Zug kommt um acht Uhr an", na kile kipande cha "an" hungoja mwisho wa sentensi, nikaacha kutabasamu.

Vihusishi vya Kijerumani, tofauti na "juu" yetu, ni vihusishi vya kweli. Havimilikishwi, na vinaamua hali ya nomino inayofuata, inayoonekana hasa kwenye artikeli yake. Tisa kati yake (an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen) huchukua hali mbili: akuzativu kama kuna kuhamia, dativu kama kuna kukaa. Hapo Mswahili anapata nafuu kidogo, kwa sababu tumezoea kuuliza kama mtu yuko mahali au anakwenda mahali, ingawa "sokoni" yetu haibadiliki.

Jinsia za nomino, hata hivyo, kipimo changu hakizigusi. Watu hudhani anayejua ngeli atazielewa der, die na das, artikeli za jinsia tatu, kwa wepesi. Upatanisho ndiyo, unaushika haraka: nomino inaamuru, wengine wanafuata. Kupanga nani yuko wapi ni habari nyingine. Kwetu uhai unashinda umbo, tunasema "kijana amefika" na "kipofu ameketi" na ile "ki-" haituhangaishi. Kijerumani kinashikilia umbo: "das Mädchen", msichana, yuko kwenye das kwa ajili ya mkia "-chen". Nina mikia michache ninayoiamini, -ung, -heit, -keit na -schaft kwa die, -chen na -lein kwa das. Yanayobaki nayaandika na artikeli yake, rangi tatu za kalamu, na kila nomino mpya naitungia sentensi moja yenye "kein", "keine" au "keinen", maana ukanushi huo hukulazimisha kuamua jinsia papo hapo.