Tarehe ya mwisho wa mkataba haivuki: kusimamia watumiaji katika saraka mbili

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitunza akaunti za watumiaji katika ofisi yenye saraka mbili, yaani daftari za kielektroniki zinazoorodhesha watumiaji na ruhusa zao. Ya kwanza ni Active Directory, iliyoko kwenye seva zetu wenyewe, ambayo humruhusu mfanyakazi kuingia kwenye kompyuta, kuchapisha na kufungua mafaili ya pamoja. Ya pili ni Microsoft Entra ID, iliyoko kwenye wingu, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Azure Active Directory, nayo ndiyo inayofungua barua pepe na mikutano ya Teams. Kati yazo kuna programu ya Entra Connect, ambayo mimi huifikiria kama karani anayesoma daftari moja na kunakili katika daftari la pili. Karani huyu ni mwaminifu, lakini hanakili kila kitu, na msimamizi asiyejua ni kitu gani kinaachwa huja kukigundua siku mtu anapoondoka kazini.

Mimi niligundua kwa simu ya afisa utumishi wetu. Aliniuliza, “Kaka, yule kijana aliyemaliza mkataba mwezi uliopita, mbona bado anajibu barua pepe za ofisi?” Nilifungua akaunti yake katika Active Directory nikiwa na hakika kwamba kuna makosa upande wao, kwa sababu siku alipoajiriwa nilikuwa nimeandika mwenyewe tarehe ya mwisho wa akaunti. Tarehe ilikuwapo, tena sahihi, na kompyuta za ofisini zilikuwa zimeshamkataa. Simu yake ya mkononi, hata hivyo, iliendelea kupokea barua kama kawaida. Hakuwa na nia mbaya: wateja waliomzoea waliendelea kumwandikia, naye kwa adabu aliendelea kuwajibu.

Sababu ni kwamba sifa inayobeba tarehe hiyo, accountExpires, haisafirishwi kwenda Entra ID. Ofisi inayosawazisha, yaani inayonakili kwenda kwenye wingu, heshi za nenosiri (alama zinazokokotolewa kutokana na nenosiri badala ya nenosiri lenyewe), kama yetu, huwa na akaunti iliyokwisha muda upande mmoja na iliyo hai kabisa upande wa pili. Nenosiri lenyewe lina tabia inayofanana na hiyo: likipitwa na muda katika Active Directory, bado linakubaliwa kwenye wingu, kwa kuwa huko huwekwa kama nenosiri lisilo na ukomo, mpaka msimamizi awashe kwa makusudi sera ya kulizuia. Mambo haya yameandikwa wazi katika maelezo ya Microsoft, lakini sidhani kama wengi wetu tunayasoma kabla ya kuunganisha mifumo.

Kinachovuka ni hali ya akaunti kufungwa. Kwa hiyo niliandika hati fupi ya PowerShell, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe, inayofanya kazi kila usiku, ikitafuta akaunti ambazo tarehe yake imepita na kuzifunga moja kwa moja. Mzunguko wa kawaida wa usawazishaji ni dakika 30, hivyo kufungwa huko hufika kwenye wingu kabla watu hawajaamka. Mabadiliko ya nenosiri huenda haraka zaidi, takriban kila dakika 2, na nimeona watu wakichanganya miendo hii miwili, wakidhani kwamba kwa kuwa nenosiri limefika basi na mengine yamefika. Mtu anapoachishwa kazi ghafla, sisubiri mzunguko wowote: nafunga akaunti, nabadilisha nenosiri, naanzisha usawazishaji kwa mkono, kisha naingia Entra ID na kubatilisha vipindi vyake vyote vya kuingia vilivyo wazi, maana tokeni, yaani kibali cha muda cha kuingia, ambayo simu tayari imepewa inaweza kuendelea kutumika kwa saa moja hivi.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ofisi ndogo zilitazame leo. Entra Connect ina kinga dhidi ya ufutaji wa bahati mbaya: ikikuta kwamba inatakiwa kufuta akaunti nyingi kupita kiasi kwa mara moja, husimama na kumsubiri msimamizi. Kiwango kilichowekwa tangu mwanzo ni akaunti 500. Sasa fikiria ofisi yenye watumiaji 300, ambamo mtu amehamisha kitengo kizima kutoka eneo linalosawazishwa kwenda eneo lisilosawazishwa. Akaunti zote zinaweza kufutwa kwenye wingu bila kinga hiyo kushtuka hata kidogo. Sisi tumeishusha hadi 20. Akaunti zilizofutwa zinaweza kurejeshwa ndani ya siku 30, lakini asubuhi ambayo ofisi nzima haina barua pepe ni asubuhi ndefu sana.

Kuhusu majina nitasema kwa kifupi. Mfanyakazi akiolewa na kubadilisha jina la ukoo, usimfute na kumfungulia akaunti mpya, kwa sababu saraka mbili hazitambuani kwa jina bali kwa kitambulisho cha kudumu kilichofungwa na akaunti ile ya zamani, na akaunti mpya huja na kitambulisho kipya. Badilisha jina katika Active Directory, na anwani yake ya awali uiache kama anwani ya ziada ili barua zisipotee.

Hati ya usiku haikuondoa haja ya mazungumzo. Tarehe zenyewe huandikwa na binadamu, na mikataba huongezwa au kukatishwa bila chumba cha seva kuambiwa. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi mimi na afisa utumishi huketi na orodha yake ya mikataba inayoisha, na jina moja baada ya jingine tunalitafuta katika saraka zote mbili. Mara ya mwisho tulikuta mama mmoja wa stoo ambaye mkataba wake ulikuwa umeongezwa kwa mwaka mzima, na hati yangu ingemfungia akaunti usiku ule ule.